Injini Ndogo na Kasumba ya Kununua

Katika kata ya Elerai, jijini Arusha, kazi ya kubeba saruji, ndizi na magunia ya mkaa imekabidhiwa vigari ambavyo wananchi wamevibatiza jina la kirikuu. Injini ya kigari hicho ina ujazo wa sentimita 660 tu. Ilibuniwa Japani, ikatengenezwa Japani, ikatumika Japani, na ndipo ikaletwa Tanzania kumalizia uhai wake. Inapochoka kabisa, mwenye gari hununua injini nyingine ya mtumba, na fedha za jasho lake zikavuka bahari kwa mara ya pili.

Wapo wasomi wanaoitazama hali hii na kuiita busara ya soko. Wanadai kwamba injini ni kazi ya mataifa makubwa, na kwamba Mtanzania atosheke kuwa mnunuzi. Hoja hiyo ni kasumba ile ile ya kikoloni iliyovalishwa suti mpya, na historia ya injini ndogo inaikanusha hatua kwa hatua.

Honda Soichiro hakuanza na kiwanda kikubwa. Mwaka 1946, nchi yake ikiwa imeangamizwa na vita, alichukua vijiinjini vya jenereta za redio za jeshi akavifunga kwenye baiskeli. Suzuki ilianza kwa kutengeneza mitambo ya kufumia nguo. Wala soko halikuachwa litambe peke yake. Serikali ya Japani iliweka kikomo cha ujazo wa injini za magari madogo kuwa sentimita 360 mwaka 1955, ikakipandisha hadi 550 mwaka 1976 na 660 mwaka 1990, na magari yaliyotii kikomo hicho yakapewa nafuu ya kodi. Kwa hiyo ile 660 inayopanda vilima vya Arusha leo ni matunda ya uamuzi wa dola. Wanaohubiri kwamba dola isiguse viwanda wanaendesha gari lililozaliwa na sera ya dola!

India nayo ilitoa somo. Mwaka 1981 serikali iliunda kampuni ya Maruti Udyog, hisa nyingi zikiwa mikononi mwa umma. Mwaka 1982 iliingia mkataba na Suzuki, na Desemba 1983 gari la kwanza la Maruti 800, lenye silinda tatu, likakabidhiwa mnunuzi. Mwanzoni vipuri vingi vilitoka Japani, lakini mwaka hadi mwaka wenye karakana wa India walifundishwa, wakapewa oda, wakabanwa wafikie viwango, hata sehemu kubwa ya gari hilo ikawa inatengenezwa humo humo nchini.

Jirani wa karibu, Kenya, alipita njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la taifa, na mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Wahandisi walithibitisha kwamba akili ipo. Mradi ulikwama kwa sababu fedha za kuzalisha kwa wingi hazikupatikana. Walioucheka mradi ule hawakuelewa somo lake: shangwe ya uzinduzi haiwezi kuchukua nafasi ya oda za kudumu na mtaji wa kudumu.

Arusha haikosi pa kuanzia. TEMDO, shirika la kubuni na kuendeleza mitambo, liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1980. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kilifuata mwaka 1981. Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwepo tangu mwaka 1978. Aidha jiji liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kawaida ya petroli hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Mhandisi wa Hamamatsu hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya miteremko ya Meru. Mhandisi wa Arusha anayo.

Kinachotakiwa ni mpango wenye ngazi. Zianze ringi, pistoni na gasketi za injini zilizokwisha kuenea nchini; zifuate silinda na krenki; kisha injini kamili ya pampu ya maji na ya trekta la mkono; gari lije mwisho. Mashirika ya umma yaagizwe kununua bidhaa hizo zikishapimwa na kufikia viwango, na fundi wa gereji aingizwe darasani bila kudharauliwa kwa kukosa cheti. Atakayesema kwamba zama za petroli zinakwisha aambiwe kwamba kuyeyusha chuma, kukereza na kupima kwa usahihi ni elimu inayohitajika hata kwa gari la umeme. Asiyejua kuchonga pistoni hatajua kuchonga mota.

Azimio la mwaka 1967 lilibeba jina la Arusha, na kiini chake ni kujitegemea. Ni aibu kwa mji wenye jina hilo kuendelea kusubiri kontena la injini chakavu huku vyombo vya kuzitengeneza vikikosa oda. Wenye dhamana ya mipango na fedha waandike oda ya kwanza.