Nani anaruhusu dawa iuzwe?



Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja alituuliza: farmasi zinafunguliwa kila avenii, ni nani anaziruhusu? Tulikosa jibu palepale, ndipo tukaenda kutafuta.

Mzizi ni Katiba ya 2006. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya na kuagiza sheria iweke kanuni za msingi. Sheria hiyo ni namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018. Sheria kama hiyo inapigiwa kura na Bunge na Seneti, Raisi wa Jamhuri anaitangaza, halafu inachapwa katika Gazeti Rasmi. Haisemi kila jambo. Mengine yanapangwa na arete za Waziri wa Afya. Zamani, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa ordonansi ya 1933 juu ya kazi ya farmasi, kisha ile ya 1991 iliyounda Orde ya Wafarmasia. (Ordonansi hapa ni sheria, si karatasi ya daktari. Hata sisi walimu tunachanganya.)

Na anayechunga dawa zenyewe ni ACOREP, mamlaka iliyochukua nafasi ya ile Direksio ya Farmasi na Dawa ya zamani. Dawa haina ruhusa ya kuuzwa nchini kabla haijaandikishwa kule.

Lakini jicho la serikali halifiki kila mahali. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, huko Ituri, mamia ya watu, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali shingo zimepinda, uso umekazana, ulimi umetoka nje. Waganga walidhani kwanza ni meninjiti. Wengine, tunafikiri, walidhani ni ulozi. Kumbe ni komprime. Kwenye chupa iliandikwa diazepamu, ndani mlikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Ukweli ulipatikana kwa sababu komprime zenyewe zilipimwa laboratwari.

Hapo ndipo tunaona hatari ya komprime tunazohesabiwa ndani ya kasashe, bila jina, bila namba ya loti, bila tarehe. Mtoto akigeuka vibaya usiku, inspekta atafuata nini? Tunajua ni bei nafuu, na kuna siku mfuko hauna zaidi. Basi hata siku hiyo tumwombe muuzaji atuonyeshe katoni au chupa zilimotoka, tuandike jina na namba ya loti. Tumwulize pia kama ana ruhusa ya kufungua na mfarmasia wake ni nani. Akikasirika, tuende kwa mwingine. Komprime zinazobaki tusitupe mpaka mtoto apone. Akizidiwa, twende nazo kwenye kituo cha afya, tumwonyeshe mganga, naye ajulishe zoni ya afya.

Katika mkutano ujao kila mama alete katoni ya dawa aliyonunua mwisho. Tutasoma pamoja, hata zile herufi ndogo sana. Mwenye miwani asiisahau.