Neno la Mhariri: Wenye Funguo na Wenye Saini

Jumapili alasiri, katika ua mmoja wa hapa Nangara, kikundi cha kuweka na kukopa hukutana kufungua sanduku la bati lenye makufuli matatu, na kila ufunguo una mwanachama wake. Asipofika mmoja, fedha hazihesabiwi, wala mwenyekiti hana amri ya kuvunja. Juma lile lile baadhi ya wanachama hao huitwa ukumbini kwenye semina ya mradi, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakapokea posho, na karatasi ikaenda zake wasikokujua. Kule ni wenye funguo. Huku ni wenye saini. Muradi wa toleo hili ni kuuliza: serikali ya ng'ambo inaposema kwamba msaada wake utapitia katika asasi na vikundi vya wananchi, inawatambua wananchi hao kwa lipi katika hayo mawili?

Ushahidi hauko mbali. Katika nyanda za Hanang, katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali ya Kanada iligharimia mashamba makubwa ya ngano chini ya NAFCO, shirika la umma, na ngano ikavunwa kweli kweli. Ila ekari zile, zipatazo laki moja, zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, ambayo baadhi yalipitiwa na plau, hata wenyewe wakalazimika kwenda mahakamani kudai walichokwisha kunyang'anywa. Hisani ilitoka serikali hadi serikali, na mwenyeji hakuulizwa.

Sasa tutazame Duru-Haitemba, msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000 katika wilaya yetu ya Babati. Serikali ilipoazimia kuutwaa uwe hifadhi yake, wanavijiji, wakiona kwamba umekwisha kuwa mali ya mwingine, waliukata kwa pupa ya mtu achumaye shamba linalouzwa. Mnamo 1994 azimio lile likaachwa, na vijiji vinane vilivyouzunguka vikakabidhiwa amana hiyo: vikaweka mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikachagua walinzi miongoni mwa vijana wao. Fedha ya Uswidi ilikuwamo, na ushauri wa mtaalamu Liz Wily ulikuwamo. Lakini mlinzi hakusimama porini kwa ajili ya mshahara wa Stockholm, bali kwa kuwa msitu ni wa kijiji chake na faini inaingia katika daftari la kijiji chake. Jambo hilo lilitangulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo leo inautambua msitu wa kijiji nchi nzima.

Hatusemi kwamba kila kikundi ni kitakatifu. Zimo asasi ambazo ofisi, mweka hazina na wanachama wote wamo ndani ya mkoba wa mtu mmoja, na vimo vikundi vilivyozaliwa juma moja kabla ya fedha kufika, vikafa juma moja baada ya fedha kwisha. Wala ushirika na vikundi visiwe pazia la kuifichia serikali yetu wajibu wake wa dawa na maji. Lakini Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari 2025, tofauti ilidhihiri bila ya mhubiri: aliyekuwa na saini tu alibaki akingoja simu, ilhali sanduku la makufuli matatu lilifunguliwa Jumapili kama ada, kwa sababu halikuwa limefunguliwa na mfadhili tangu hapo.

Basi kipimo chetu si wingi wa fedha, wala jina la asasi kibaoni, bali ni kama mamlaka yalikuwapo kabla ya msaada, na yatabaki gari litakapoondoka. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; na mwenyeji wa mithali hiyo ana nyumba, ana mlango, na ana ruhusa ya kusema karibu, au asiseme. Kurasa zifuatazo zinamwomba mgeni jambo moja: abishe hodi, kisha angoje.