Siku moja yatosha, lakini tuanzie Kamalondo

Kaka yangu alisoma miaka minne Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kama vijana wengi wa Kongo wanaokwenda India kutafuta masomo. Mwaka uliopita rafiki yake wa huko alipita Lubumbashi kwa kazi za biashara, akapata siku moja tu ya kupumzika. Akasema: "Nilimwonyesha ndugu yako mji wangu kwa siku moja. Sasa nanyi nionyesheni wenu." Kaka alikuwa kazini, basi mzigo ukaniangukia mimi. Tukakodi gari na kiongozi wa safari, mtu mstaarabu anayejua Kifaransa na Kiingereza.

Tulianza saa tatu asubuhi kwenye uwanja wa Posta, mbele ya sanamu ya Moïse Tshombe. Tukaona kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo na matofali yake mekundu. Tukaona sinagogi iliyojengwa mwaka 1930, wakati Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walipokuwa wafanyabiashara wakubwa wa mji. Tukaona teatri ya mwaka 1956, ambayo leo tunaiita Jengo la 30 Juni na ndani yake hukaa wabunge wa jimbo. Tukaingia makumbusho ya taifa, tukatazama misalaba ya shaba ambayo wazee wetu waliitumia kama fedha kabla ya Mbelgiji kufika. Bomba la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha mabaki tulivipiga picha kutoka mbali. Kisha gari likapita Kamalondo mbio mbio, tukasimama dakika tano mbele ya uwanja wa TP Mazembe, na kufika saa tisa mchana mgeni alikuwa amerudi hotelini.

Njiani, gari lilipokuwa likitoka Kamalondo, mgeni aliuliza swali dogo: "Watu walioyajenga yale majengo ya asubuhi walikaa wapi?" Kiongozi akajibu: "Walikaa hapa, kwenye cité. Lakini hapa hakuna kitu cha kuona."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Simlaumu kiongozi, kwa sababu alisema tu yale aliyofundishwa, na mimi mwenyewe nilikaa kimya. Mwanafunzi wa lugha, mwaka wa tatu, mtoto wa mji huu, sikuwa na neno la kumpinga. Nilijua kwamba kuna kitu cha kuona, ila sikujua kukionyesha.

Wapo wenzetu watakaosema kosa ni siku moja: mji hauonekani kwa siku moja, anayekuja na gari la kukodi hataki kujua bali kupiga picha. Sikubaliani nao. Mgeni mwenye siku moja ana haki ya siku moja iliyo njema. Nasi wenyeji tuna miaka mingi hapa, na wengi wetu hatujawahi kukanyaga mlango wa makumbusho. Kwa hiyo tusihesabu saa. Tutazame safari inaanzia wapi na inasimuliwa kwa lugha gani.

Safari yetu ilianzia Posta na ilisimuliwa kwa Kifaransa. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Mji wa Wazungu uliitwa Elisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1921 ikaanzishwa cité ya Waafrika, ikapewa jina la mfalme Albert, na ndiyo Kamalondo ya leo. Kati ya miji hiyo miwili liliachwa eneo tupu, ili Mweusi asikae karibu na Mzungu. Kifaransa kinajua vizuri upande mmoja wa eneo hilo: majina ya wasanifu, tarehe za ujenzi, majina ya magavana. Upande wa pili ulikumbukwa kwa Kiswahili. Ukitembeza mtu kwa Kifaransa peke yake, utamwonyesha mji wa upande mmoja hata ukiwa na nia njema.

Na si kweli kwamba upande wa pili haukuandikwa. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboyi, kilitoa kitabu kidogo juu ya historia ya mji huu, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Kilisainiwa kwa jina la André Yav na kikaitwa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, ingawa si kamusi hata kidogo. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo chetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Wapishi na wafua nguo ndio walioandika historia ya mji kabla yetu sisi wenye diploma, na waliiandika kwa lugha ambayo wengine kati yetu tunaiita Kiswahili kibovu.

Mfano mwingine ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Alichora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili. Kati ya mambo aliyoyachora ni mauaji ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakidai mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa siku hiyo. Katika safari yetu tulisimama mbele ya uwanja wa mpira, tukazungumza juu ya Mazembe kucheza fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010. Ni jambo la fahari, nami nililisema kwa sauti kubwa. Lakini katika mji ambao watu walikufa kwenye uwanja wa mpira kwa sababu ya mshahara, mgeni aliondoka bila kusikia hata neno moja.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kamalondo kwa miguu. Jirani wa shangazi yangu ni mzee aliyestaafu Gécamines. Nilimwambia: "Papa, nataka unionyeshe mji." Alicheka, akachukua fimbo yake, akanipeleka mahali cité ilipokuwa inakomea zamani. Akasema: "Hapa njo tulikuwa tunaishia. Papa yangu alikuwa boyi kwa bazungu. Asubui anavuka, mangaribi anarudia. Ukikamatwa kule usiku bila karatasi, unalala mu boloko." Mahali penyewe hapana sanamu wala bango. Nimepavuka mara elfu nikienda masomoni. Baada ya maneno yale manne au matano, sitapavuka tena kama zamani.

Ndipo nilipokumbuka alichonisimulia kaka juu ya Ahmedabad. Mji ule una zaidi ya miaka 600, na mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingia katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco. Kumbe tangu mwaka 1997 manispaa ya mji ilikuwa na matembezi yake, kwa miguu, ya saa mbili na kidogo asubuhi. Yanaanzia kwenye hekalu la Swaminarayan, yanaishia kwenye msikiti mkuu wa Ijumaa, na katikati yanapita vichochoroni, katika mitaa ya kale wanayoiita pol, ambamo watu bado wanapika, wanafua na kuuza. Katika mtaa mmoja matembezi husimama mahali palipokuwa nyumba ya Dalpatram, mshairi wa lugha ya Kigujarati wa karne ya 19, na hapo ipo sanamu yake akiwa ameketi. Mgeni anaonyeshwa mshairi wa lugha ya wenyeji kama anavyoonyeshwa msikiti na hekalu. Hawakungoja Unesco kwanza ndipo watembee. Walitembea miaka 20, Unesco ikaja nyuma.

Sisi tungemsimamisha mgeni mbele ya nyumba ya nani? Tunao kundi la Mufwankolo, lililochekesha na kufundisha Katanga nzima kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni. Tunao Tshibumba na waandishi wa Vocabulaire. Hakuna hata mmoja aliyetajwa siku ile.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kitivo chetu, wanafunzi na walimu. Tutengeneze safari ya siku moja ya Lubumbashi, kwa Kiswahili. Ianzie Kamalondo saa moja asubuhi, kwa miguu. Ivuke lile eneo la zamani, iingie mjini kwa njia waliyopita wafanyakazi kila siku, ndipo ifike kanisani, kwenye sinagogi, teatri na makumbusho. Mchana iende kwenye bomba la moshi, na iishie Posta. Majengo ni yale yale, lakini atakayeyafikia kutoka upande ule atajua yalijengwa na mikono ya nani. Shilatembo, mahali Patrice Lumumba alipouawa tarehe 17 Januari 1961, ni mbali na mji na panataka siku yake. Tusipaweke kama kituo cha dakika kumi kabla ya chakula.

Kila kituo kiwe na mzee au mama mmoja wa mtaa anayesimulia, na alipwe. Mwanafunzi wa Kiswahili aandike masimulizi, wenzetu wa Kifaransa na Kiingereza wayatafsiri kwa wageni. Hiyo ni kazi ya vitendo kuliko insha nyingi tunazoandika na kuzisahau. Na wasafiri wa kwanza wasiwe wageni. Wawe wanafunzi wa sekondari wa Katuba, Kenya na Ruashi.

Najua kuna pingamizi. La kwanza ni la fedha: mtalii anayelipa hajui Kiswahili. Kweli, ndiyo maana nimesema kutafsiri. Ila kutafsiri kutoka Kiswahili ni tofauti na kukiacha nje.

La pili litatoka kwa baadhi ya walimu wetu: Kiswahili gani? Tunafundishwa Kiswahili bora, sasa tumpeleke mgeni kwa mzee anayesema njo na bazungu? Najibu kwamba Kiswahili bora ninakiheshimu, na ndicho ninachoandikia hapa. Lakini ningesahihisha maneno ya yule mzee, ningekuwa nimebomoa kitu cha kale kama yule anayebomoa ukuta. Kitivo cha lugha kinapaswa kuwa mahali pa kwanza pa kujua hivyo, si pa mwisho.

La tatu ni zito zaidi, nami sina jibu kamili. Wazee wetu hawasimulii jambo moja. Huyu atamsifu Tshombe, yule atamlilia Lumumba. Mwingine atakwambia Union Minière ilikuwa baba na mama, na jirani yake ataitaja Desemba 1941. Na wapo wanaokumbuka miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, wakalala kwenye stesheni za Katanga wakingoja treni. Kifaransa cha kiongozi wetu kilituepusha na hayo yote. Ndiyo sababu moja kinapendwa. Kuyafungua kunahitaji busara na walimu wa kutuongoza. Lakini kuyafunga hakujayaponya.

Muda nao hautungoji. Kile kilima cheusi ambacho kila mgeni anakipiga picha kinachimbwa upya tangu mwanzo wa karne hii kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Hata alama kubwa kuliko zote za mji wetu inaliwa kidogo kidogo. Wazee nao tunawazika kila mwezi, na kila mmoja anaondoka na kipande cha mji ambacho hakimo kwenye ramani wala kwenye maktaba yetu.

Tunapenda kusema Lubumbashi wantanshi, Lubumbashi wa kwanza. Sijui wa kwanza wa nini, kama hatuwezi kumtembeza mtu siku moja kwa lugha yetu wenyewe.

Nilipokuwa nikiagana na mzee pale mtaani, aliniuliza: "Na benzako, batakuya siku gani?" Nikamjibu nitawauliza. Basi nawauliza.