Gesi ya gari haiishi, huvuja

Joto la Mombasa kati ya Januari na Machi halihitaji kusimuliwa kwa aliyekwisha kulionja. Kaskazi huvuma, lakini ndani ya gari lililokwama Makupa saa nane za mchana upepo huo haumfikii mtu. Ni katika msimu kama huo ambapo kiyoyozi cha gari langu kilianza kupuliza hewa ya moto.

Nilifanya wanavyofanya wengi. Nilikwenda kwa fundi nikamwambia, kwa sauti ya mwenye haraka, "Nitilie gesi tu." Akatia, nikalipa shilingi 4,000 na kuondoka nikimsifu. Baada ya majuma matatu joto likarudi. Nikatiliwa tena, nikalipa tena. Mara ya tatu kompresa ilikataa kabisa kufanya kazi. Fundi akaunganisha waya mmoja chini ya boneti, ikawaka. Siku ya nne ikalia kama kinu kilichotiwa kokoto, kisha ikanyamaza. Bili ya mwisho ilikuwa shilingi 68,000.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi nimeujenga ukuta huo, na ndiyo sababu ya kushika kalamu leo.

Jambo ambalo wenye magari wengi hatulifahamu ni kwamba gesi ya kiyoyozi si kama petroli. Haichomwi wala haitumiki ikaisha. Kompresa huigandamiza na kuipeleka mbele ya rejeta, ambako hutoa joto na kugeuka kiowevu. Kiowevu hicho hupita katika tundu jembamba hadi nyuma ya dashibodi, kikageuka gesi tena huku kikinyonya joto la ndani ya gari. Kisha mzunguko huanza upya. Ni kweli kwamba kiasi kidogo hupenya kwenye mipira kadiri miaka inavyopita. Lakini gari linalodai gesi kila baada ya majuma matatu lina tundu, na kulijaza bila kulitafuta tundu hilo ni kutia maji katika pakacha.

Hasara haikomei kwenye gesi. Ndani yake husafiri mafuta yanayolainisha kompresa, na gesi inapovuja hutoroka pamoja na sehemu ya mafuta hayo. Kwa hiyo watengenezaji waliweka swichi inayoizima kompresa pindi shinikizo linaposhuka kupita kiasi. Ule waya niliounganishiwa uliiruka swichi hiyo. Kompresa ikalazimishwa kusaga chuma kwa chuma, na vipande vyake vikatapakaa katika mabomba yote. Nilidhani nimetengenezewa gari, kumbe nimevunjiwa kinga yake.

Wapo watakaosema kwamba kiyoyozi ni anasa ya wenye nacho. La hasha! Kwa dereva wa teksi katika miji ya pwani, hicho ni kitendea kazi sawa na magurudumu. Abiria huuliza habari ya kiyoyozi kabla ya kufunga mlango. Dereva wa gari la mkopo akipoteza fedha kama nilizopoteza mimi, hana budi kuchagua kati ya kompresa na karo ya watoto.

Aidha, gesi inayovuja haipotei. Ile ya zamani, R-12, iliharibu tabaka la ozoni, na mataifa yakakubaliana kuiondoa katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Iliyochukua nafasi yake, R-134a, haidhuru ozoni, lakini uzito mmoja wake huhifadhi joto angani zaidi ya mara 1,300 ya uzito sawa wa hewa ya kaboni, kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Sekretarieti ya mkataba huo wa ozoni iko hapa hapa Nairobi. Ni kinaya kwamba sisi tulio majirani zake huimwaga gesi hiyo hewani kila msimu wa joto, tukiipasha moto dunia ili tujipoze kwa majuma matatu.

Simlaumu fundi peke yake. Mimi ndiye niliyemharakisha, na ndiye niliyekataa kulipia saa mbili za kutafuta tundu. Lakini fundi ndiye ajuaye, na ajuaye ana wajibu wa kusema. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa pamoja na maelezo ya kumwezesha kunufaika nayo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2006 inamkataza fundi kujaza gari lililopoteza gesi kupita kawaida mpaka tundu lizibwe. Kanuni ya aina hiyo ingetufaa sana hapa, ambako magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka na mipira yake imechoka, na ambako chumvi ya bahari hula mabomba yaliyo mbele ya rejeta.

Kabla ya kanuni hiyo kufika, kila mwenye gari anaweza kuanza na maswali matatu. Gesi imetokea wapi? Mfumo utavutwa hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kujazwa? Je, nitaandikiwa kilichopatikana na kilichobadilishwa? Fundi aliye na geji na ujuzi hatachukizwa na maswali hayo. Atakayekasirika na kushika waya, tumshukuru na tuondoke na joto letu, kwani joto hilo ni nafuu kuliko baridi yake.