WAUZAJI WA KADI ZA GEMU WASEME UKWELI

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowapotezea vijana wetu fedha walizozipata kwa jasho.

Hapa Kilwa wapo vijana wanaonunua kompyuta za mezani za mtumba, zile zilizokwisha kutumika maofisini. Wengine huchezea gemu nyumbani, wengine hufungua vibanda na kutoza kwa saa. Kompyuta hizo zinafaa kwa kuandika barua, lakini gemu za siku hizi zinataka kadi ya picha, yaani kifaa kinachochora picha za kwenye skrini. Basi kijana akishauza ufuta wake, huagiza kadi kutoka Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 300, ikaletwa kwa basi. Akiifungua, haiingii. Ikiingia, kompyuta haiwaki. Akimpigia muuzaji simu, hujibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

La kusikitisha ni kwamba hasara hii ingezuilika kwa maswali matatu tu.

Swali la kwanza ni umeme. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi lazima iwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo. Kadi ya RX 580 hula wati 185. Pawa saplai ya wati 240, ambayo kazi yake ni kulisha kompyuta nzima, haiwezi kuibeba. Lakini GTX 1650 ilipangiwa wati 75, na zipo za aina hiyo zisizohitaji waya wa ziada. Sisi ambao gesi yetu ya Songo Songo inazalisha umeme wa Dar es Salaam tangu mwaka 2004 tusishindwe kuhesabu wati.

Swali la pili ni umbo. Kasha jembamba linataka kadi ya kimo kifupi. Nyingine haitaingia hata ukiisukuma. Tena prosesa ikiwa ya zamani sana, kadi kubwa itakaa ikiisubiri, na fedha ya ziada itakuwa imetupwa.

Swali la tatu ni umri na asili ya kadi. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016, na mwezi Oktoba 2025 kampuni ya NVIDIA ilikoma kuiandalia programu za gemu mpya, ikabakiza zile za usalama tu. GTX 1650 ya mwaka 2019 haikuguswa. Kama bei zao zinakaribiana, mwenye akili atachukua ipi? Halafu zipo kadi zilizotumika kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, ambazo wenyewe waliziuza baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji huo Septemba 2022. Si zote mbovu, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Mbaya kuliko zote ni kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ndani kwa ndani ili zionekane mpya. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizifichua tangu mwaka 2018.

Najua wapo watakaosema gemu ni upuuzi na mwalimu angeshughulikia hesabu za wanafunzi. Nawajibu kwamba hii nayo ni hesabu. Kibanda cha gemu ni biashara kama genge la samaki, na kadi hiyohiyo humsaidia kijana kuhariri video za harusi. Mkulima akiuziwa jembe lisiloingia mpini, sote tungepiga kelele.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Wauzaji waandike kwenye risiti jina kamili la kadi, wati zake, urefu wake, na kama ni mpya au ya mtumba. Waiwashe mbele ya mnunuzi, na kwa mteja wa mkoani wapige video ikiwa inafanya kazi kabla ya kuipeleka kwenye basi. Nayo Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kupiga vita bidhaa bandia, iyakague pia maduka ya vifaa vya kompyuta.

Nanyi vijana, kabla ya kutuma fedha fungueni kasha, someni kibandiko cha pawa saplai, pimeni nafasi kwa rula, mwandike kwenye karatasi. Muuzaji asiyetaka kujibu yaliyo kwenye karatasi hiyo, mwacheni na kadi yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa, Lindi.