Barua ya Wazi kwa Bodi ya Mikopo: Pato na Deni la Mhandisi Mitambo

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Yah: Pato na deni la shahada ya uhandisi mitambo

Ndugu Mkurugenzi,

Naomba wasaa wa kukufikishia shauri moja kutoka huku Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako wazazi wanaojua kwamba nilifundisha hesabu na fizikia hunijia kila msimu wa maombi ya mikopo unapokaribia, wakiniuliza kama mtoto aliyefaulu vema masomo hayo asome uhandisi mitambo, na akisoma atapata mshahara gani, na deni lake litakwisha lini. Swali la kwanza hulijibu, maana aghalabu namjua mtoto mwenyewe. La pili na la tatu hunishinda, wala simjui mtu wa wilaya hizi awezaye kuyajibu, ilhali majibu yake yote mawili, kwa kadiri nionavyo, yamo katika daftari za Bodi yako.

Swali hili lina uzito wa namna yake huku kwetu. Mtoto aliyezaliwa Matongo au Kewanja amekua akisikia ngurumo za malori ya mgodi wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, ukapita katika mikono ya kampuni kadhaa hata kufikia ubia wa leo kati ya Barrick na Serikali yetu yenye hisa asilimia 16. Ameyaona mashimo ya Nyabirama na Gokona, vinu vya kusagia mawe, pampu na mitambo ishukayo chini ya ardhi, naye amekata shauri, kama baba yake alivyokata, kwamba mahali penye mashine nyingi kiasi kile hapawezi kukosa kazi ya mhandisi wa mashine. Mwenziwe wa Robanda au Mugumu, upande wa Serengeti, hauoni mgodi, lakini huyaona magari ya watalii yaingiayo Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ikoma, na husikia jenereta za hoteli usiku kucha, akafikia neno lile lile. Bodi nayo imeizidisha imani hiyo pasipo kukusudia, kwa kuziweka fani za uhandisi miongoni mwa fani za kipaumbele, kwa kuwa mzazi aambiwapo kipaumbele cha mkopo husikia ahadi ya kazi.

Imani hiyo ina kweli ndani yake, ila ni kweli pungufu. Mgodi huhitaji mafundi wengi na wahandisi wachache. Na fundi aliyefunzwa katika vyuo vya ufundi vya VETA, mathalani katika chuo cha Moshi ambacho kimekuwa na mpango maalumu wa mafunzo pamoja na kampuni za uchimbaji, huanza kupokea ujira wakati ambapo rafiki yake wa kidato cha nne bado yumo darasani akihesabu muhula wa tatu au wa tano wa shahada ya miaka minne. Katika gereji za Mugumu, kijana ajuaye kuifungua gia boksi ya Land Cruiser na kuirudisha salama hana mteja amwulizaye cheti. Sisemi haya kuidunisha shahada, maana mhandisi ana ngazi ndefu ambayo fundi huifikia ncha yake mapema, na nchi iliyojenga reli ya kisasa na bwawa la Julius Nyerere inawahitaji watu wa elimu hiyo, tena wengi. Nasema kwamba baba auzaye ng'ombe mnadani ili kuziba pengo la ada lisilofikiwa na mkopo anastahili kujua ananunua nini.

Niruhusu nipige hesabu moja kwa tarakimu za mfano. Tuseme kijana amekopeshwa jumla ya shilingi 15,000,000 kwa miaka yake minne, kisha akaajiriwa na kampuni binafsi kwa mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii utachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mapato itakuwa 80,500. Na Bodi itachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Zitasalia 594,500, kabla ya kodi ya chumba, nauli, na sehemu ya wadogo zake, ambayo kwa mtoto wa kwanza wa nyumba ya Kikurya haina hiari. Kwa mwendo huo deni litakwisha baada ya miaka tisa na miezi mitatu. Kama anapata 500,000, asilimia ni ile ile 15, na muda ni zaidi ya miaka 16. Waingereza huwakata wahitimu wao asilimia 9 ya ile sehemu tu ya pato ipitayo kima kilichowekwa, na aliye chini ya kima hicho hakatwi kitu. Sisi hatuna kima, na mwenye kidogo hukatwa kwa kipimo cha mwenye kingi.

Naharakisha kukiri wema uliokwisha kutendwa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliweza kumfanya mdaiwa alipe mwaka mzima na deni lisipungue, iliondolewa mwaka 2021 baada ya tamko la Rais siku ya Mei Mosi pale Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 ikaifuata. Nyumba nyingi huku zilipumua.

Lakini mhandisi ana jambo lake peke yake. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka mhitimu afanye kazi miaka mitatu chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na wengine huimaliza miaka hiyo kwa posho ya kujikimu. Ilhali muhula wenu wa kuanza kulipa ni miezi 24 tangu kuhitimu. Hata akipata nafasi siku ile ile avuapo joho, na wachache hupata, deni litambishia hodi mwaka mzima kabla ya usajili. Na akirudi Tarime afungue karakana ya kuchomelea na kuchonga vyuma, sheria humtaka mtu aliyejiajiri alipe si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi, na sharti hilo halijali mvua za masika zikimkosesha kazi.

Mabishano juu ya pato la wahitimu si mapya nchini. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, akawafukuza karibu 400 miongoni mwao, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mintarafu ya nani alikuwa na haki siku ile, watu wangali wakihojiana. Nililolitamani katika habari hiyo ni kwamba pande zote mbili zilikijua kiasi na muda wa kile zilichogombania. Mtoto wa Nyamwaga ajazaye fomu leo katika steshenari ya mjini Tarime, mdhamini wake kando, muhuri wa wakili tayari, hutia saini dhima ambayo hajui itamchukua miaka mitano au kumi na mitano.

Nanyi mnajua, au mwaweza kujua kwa kazi ya siku chache. Bodi ina orodha ya kila aliyekopa, chuo alichosoma, fani yake na jumla ya deni lake. Kila mwezi mwajiri huleta asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Igaweni kwa 0.15, mshahara wenyewe utadhihirika. Wale ambao mwajiri wao hajaleta kitu miaka mitatu baada ya kuhitimu ni habari pia, na pengine ndiyo habari kubwa kuliko zote. Nchini Marekani Serikali imekuwa ikitangaza tangu mwaka 2015 mapato na madeni ya wahitimu wa kila chuo, na sasa hata kwa fani. Hakuna haja ya jina la mtu, wala Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitavunjwa kwa kutangaza wastani. Najua kwamba mshahara wa msingi hauonyeshi posho za mgodini, na kwamba waliojiajiri wamo kwa uhaba; yaandikwe hayo chini ya jedwali, mzazi ataelewa.

Basi ombi langu ni hili. Kabla ya dirisha lijalo la maombi kufunguliwa, Bodi itoe jedwali la uhandisi mitambo peke yake kwa kuanzia: kila chuo, wastani wa deni la mhitimu, mshahara wa kati baada ya miaka mitatu na baada ya saba, na idadi ya wasioonekana katika makato. Litolewe kwa Kiswahili, libandikwe katika ofisi za kata, na nakala ziletwe katika shule za sekondari zenye kidato cha sita. Fauka ya hayo, muhula wa mhandisi wa kuanza kulipa usogezwe hadi miezi 36. Jedwali likifika Tarime nitalisoma mwenyewe mbele ya wazazi wa kata yangu, na maswali watakayouliza nitayaandika na kuyaleta kwako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tarime, Mara