Usiitupe kamera ya babu

Je, msomaji, sandukuni mwenu mna ile kamera ya zamani aliyoitumia babu kupigia picha watalii ufuoni Malindi, au harusi za jamaa kule Kilifi? Pengine umeitoa ukakuta vyuma vyake vimeota uchafu wa kijani, ukadhani imekwisha kazi. Ngoja kwanza.

Huo ni kutu ya shaba. Hapa pwani sababu hazitafutwi mbali, kwani upepo wa bahari huja na chumvi na unyevu. Lakini mkosaji ambaye wengi hawamshuku ni ule mkoba wa ngozi. Mafuta na dawa zilizotengenezea ngozi huila shaba polepole, na kamera iliyofungiwa humo miaka 20 yaweza kutoka na nta ya kijani kwenye kila skrubu.

Kabla ya lolote, hakikisha hamna filamu ndani. Zungusha taratibu kile kitufe cha kurudishia filamu, ukifuata mshale. Kikikaza, usifungue mgongo wa kamera! Huenda sura ya nyanya yako imo humo, haijasafishwa bado. Ipeleke kwa mpiga picha anayeijua kazi hiyo.

Kazi yenyewe yataka subira. Tandaza gazeti (si hili, kama hujalimaliza). Bandua kutu kwa kijiti cha meno. Usitumie kisu wala msasa: vitakwaruza, na vumbi la kutu hiyo ni sumu. Watoto wakae mbali, nawe unawe mikono. Kisha futa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo. Palipovuja betri, pitisha pamba yenye tone la siki au maji ya ndimu kwenye vibati vyake, ufute kwa pamba yenye maji safi, ukaushe. Siki isiguse lenzi. Dawa ya kung'arishia shaba waachie wenye vitasa vya milango. Itafuta rangi na maandishi.

Tahadhari: betri ndogo za kamera za miaka ya 1960 na 1970 nyingi zilikuwa na zebaki. Usizichome. Zitie katika chupa yenye kifuniko, mahali mtoto hafiki.

Ukimaliza, kamera isirudi katika ngozi. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, uiweke katika kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Masika ya Aprili na Mei yakiingia, itoe mara kwa mara uikague.